Mdakaji wa Kiroboto

Kiroboto alishona mapazia kwa ajili ya tumbo, na kwa ajili ya ukaidi wake alipanda miamba kwa pikipiki. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa klabu kwa jinsi alivyoweza kuirusharusha pikipiki papo hapo, tairi zote mbili hewani, mpaka ielekee anakotaka. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye mdomo mwepesi na mikono migumu, na aliyethubutu kumwambia kwamba mchezo ule ni wa wanaume alipewa za uso mpaka akatafuta pa kujificha.

Mchezo wenyewe si wa mbio. Mwenye haraka hana kazi humo. Pikipiki zake hazina kiti. Mwendeshaji husimama juu ya vikanyagio toka mwanzo hadi mwisho, akipita polepole juu ya mawe, magogo na kuta za mwamba, na kila mguu unapogusa chini mwamuzi humhesabia kosa. Na kwa kuwa mwamba hauna adabu, kila mwendeshaji huwa na mtu wake wa kusimama chini, pale ambapo pikipiki ikirudi kinyumenyume ndipo itakapotua. Wao humwita mdakaji. Kazi yake ni kulidaka lile dude kabla halijamwangukia mwenyewe. Mwendeshaji hatazami nyuma, maana akitazama ameshaanguka. Anapanda tu, akiamini kwamba kule chini kuna mikono.

Mikono ya Kiroboto ilikuwa ya kaka yake. Kaka alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, mtu wa kifua kipana na maneno machache, na ndiye aliyemfundisha mdogo wake kushika klachi kwa kidole kimoja. Hapo zamani naye alikuwa akipanda. Aliacha siku alipoona dada yake anampita, na badala ya kununa kama ambavyo wengi wangenuna, alishuka akasimama chini ya mwamba, akadaka. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukosa.

Mpaka siku ile. Kiroboto alikuwa karibu kabisa na ukingo wa juu pikipiki ilipogoma na kuanza kulalia kulia. Akaenda nayo, na katika kwenda huko akamwona kaka yake chini. Alikuwa mahali pake, miguu imepanuliwa, uso umeelekea juu. Pikipiki ilipita karibu na mkono wake wa kulia, karibu kiasi cha kupangusa shati, na mkono ule haukuishika. Ulikwenda pembeni. Kisha kukawa na vumbi, na uzito, na mlio mdogo ndani ya bega ambao Kiroboto aliusikia vizuri kuliko kelele zote. Mtulinga ulikuwa umevunjika.

Mwamuzi alikuwa wa kwanza kulisema. Alimsogelea Kiroboto pale alipolazwa chini akisubiri gari, akainama, akamwambia kwa sauti ya mtu anayetoa siri: "Mimi nilikuwa karibu, dada. Kaka yako alikwepa."

Kiroboto hakujibu. Alikuwa na maumivu, ni kweli, lakini tusimsingizie maumivu kila kitu. Hakumtetea kaka yake kwa sababu naye aliona vilevile. Na neno likishatoka mdomoni mwa mwamuzi halirudi. Kabla bega halijaanza kuunga, klabu nzima ilikuwa ikisema kwamba yule jamaa mwenye kifua kama kabati aliogopa pikipiki akampisha dada yake aumie.

Kaka mwenyewe hakusema lolote. Alikuja kumtazama, akaleta machungwa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akimmenyea kwa kuwa dada alikuwa na mkono mmoja tu wa kazi. Alimenya kwa shida, kama mtu anayemenya gizani. Kipande kimoja alikiweka, kikaangukia nje ya sahani, juu ya shuka. Akakitafuta kwa kiganja, akakiokota, akajitia hamnazo. Kiroboto aliyaona yote hayo na moyo ukamwambia: huyu mikono inamtetemeka kwa hatia. Angalau angesema samahani. Mtu akikukanyaga kidole sokoni anasema samahani, sembuse aliyekuacha uvunjike bega.

Kuanzia hapo Kiroboto akaanza kumtazama kaka yake kama anavyotazamwa mteja anayegusagusa vitambaa bila kununua. Na mtu ukishaanza kumtazama hivyo, hukosi la kuona.

La kwanza lilikuwa pikipiki ya zamani. Ilikuwa imepasuka chesisi katika kuanguka. Kaka aliipeleka karakanani kwake, akakaa nayo, kisha akapiga simu kusema kwamba haichomeleki, bora dada anunue mpya. Kiroboto aliishusha simu akabaki anaitazama. Haichomeleki? Huyu huyu aliyewahi kuunga geti lililogongwa na lori likarudi kama lilivyotoka? Chuma gani kilishamshinda? Alimpigia wifi yake, mke wa kaka, ambaye kwa kawaida ukimuuliza saa anakusimulia na ndoto ya jana. Siku hiyo wifi alikuwa mkavu. Alisema kazi zimepungua kidogo karakanani, akasema mumewe anachoka, akasema ana sufuria motoni. Kiroboto alipombana zaidi, wifi akajibu, "Muulize mwenyewe, wifi yangu, mimi usinitie katikati," akakata.

Katikati ya nini? Machale yakamcheza.

Jambo moja tu lilikuwa halimwachi alale. Msimu ulikuwa unakaribia, bega lilikuwa limeunga, na daktari alikuwa amemruhusu kurudi mwambani. Lazima mtu asimame chini yake. Bucha, mwenzake wa klabu, muuza nyama mwenye mikono kama mapaja ya watu, alikuwa ameshajipendekeza mara mbili kwamba akikosa mtu yeye yupo. Lakini kumwacha kaka na kumchukua Bucha ni kumtangazia dunia kwamba mtoto wa mama yako amekuuza. Na kubaki na kaka bila kujua kwa nini mkono ule ulikwenda pembeni ni kuweka shingo rehani. Alihitaji kujua. Ndiyo maana kaka alipojitolea kumsindikiza dukani kuchagua pikipiki mpya, alikubali haraka. Hakutaka ushauri wake. Alitaka kumweka karibu amtazame.

Duka lilikuwa la vioo mbele, lenye harufu ya mpira mpya na mafuta ya mnyororo. Nyuma kulikuwa na uwanja wa kujaribia, umepangwa magogo, matairi ya lori na makaravati ya zege, yale mabomba makubwa ya kupitisha maji chini ya barabara, yaliyolazwa chini. Kaka alikuwa amemwambia dada yake kwamba duka hilo hajawahi kulikanyaga, amelisikia tu. Waliposukuma mlango, muuzaji, kijana mwenye kalamu sikioni na tabasamu la kudumu, akawalaki.

"Karibu tena, kaka," alisema.

Kisha akamwona Kiroboto nyuma yake, na lile *tena* akalimeza kama mtu aliyemeza mfupa. Akageuza haraka: karibuni, karibuni wote, dada karibu, hapa ni nyumbani. Kaka alikuwa ameshageuka kutazama ukutani, ambako hakukuwa na kitu ila tangazo la mafuta ya injini.

Basi Kiroboto alijua. Hakujua ni nini, lakini alijua kwamba kipo. Wazo la kwanza lilikuwa la kawaida, kwamba kaka amelambishwa asali na muuzaji ili amletee mnunuzi. Alilitupa. Kaka yake alikuwa na kasoro zake, ila hiyo haikuwemo. Wazo la pili lilikuja polepole na lilikuwa baya zaidi: kwamba alikuja kuwaeleza dukani kuwa dada yake ameshakwisha, bega limekufa, wampe kitu cha kuchezea asije akajiua.

Na kama aliyesikia wazo hilo, kaka akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki ya njano.

Ilikuwa njano kweli, njano ya kuumiza meno, toka kwenye madigadi hadi kwenye rimu. Ilikuwa fupi na nyembamba, na muuzaji alieleza kwamba ndiyo nyepesi kuliko zote humo ndani, injini yake ni ya upole, usukani wake unageuka hadi karibu uguse tangi, hata anayejifunza haimsumbui. Kaka aliitikia kila neno. Aliishika usukani, akaushika tena, akapapasa foku za mbele toka juu hadi chini, akainyanyua nyuma kwa mkono mmoja. Alisema hii ndiyo, hakuna haja ya kuzunguka.

Kiroboto alikuwa anatazama nyeusi. Ilisimama peke yake karibu na kioo, nzito kidogo, injini yenye pumzi ndefu, mashine ya mtu anayekwenda kushinda. Alipoitaja, kaka alitikisa kichwa kabla hajamaliza. Nyeusi haifai, alisema. Nzito. Tena nyeusi.

"Nyeusi imekukosea nini?" Kiroboto aliuliza.

"Haionekani vizuri."

Hapo Kiroboto alitaka kucheka. Yeye alikuwa mshona mapazia. Rangi zilikuwa ugali wake. Kaka yake alikuwa mtu ambaye kila kitu kilichokuwa kati ya nyekundu na kahawia alikiita damu ya mzee na kuendelea na safari. Aliwahi kuvaa soksi mbili tofauti kwenye harusi yake mwenyewe na wifi akagundua kwenye picha. Leo ndiyo amekuwa bingwa wa rangi? Tena haionekani na nani? Anayepanda mwamba anahitaji kuishika pikipiki, si kuitazama.

Alisogea kwenye nyeusi, kaka akamfuata, na hapo Kiroboto akaona jambo jingine ambalo lilimkera zaidi ya yote. Kaka yake hakuwa anamtazama usoni. Alipozungumza naye aligeuza kichwa, akamtazama kwa jicho la pembeni, kama mwizi wa kuku. Kila Kiroboto alipohama upande, naye alizunguka ili amweke kushoto kwake. Walizunguka ile pikipiki nyeusi hivyo mara kadhaa, dada akisogea na kaka akijipanga upya, mpaka muuzaji akawapisha akidhani ni mzaha wa nyumbani. Baadaye, Kiroboto alipokwenda kutazama kofia, aliwaona wawili hao wamesogeleana wananong'ona. Aliporudi, wakanyamaza kwa pamoja.

Mtu mwingine angeuliza. Kiroboto naye alikuwa na ulimi wa kuuliza, lakini miezi mitatu ya kunyamaziana ilikuwa imemfundisha kwamba kaka yake akiulizwa atajibu kwa mabega. Maneno yake hayakuwa na kazi tena. Alichotaka kuona ni ile mikono.

Akamwambia muuzaji kwamba anataka kuijaribu ya njano uwanjani. Uso wa kaka ukafunguka kwa furaha, na furaha hiyo ilimchoma Kiroboto kama sindano iliyosahaulika kwenye pindo. Muuzaji aliitoa pikipiki nje, akawasha, akamkabidhi, kisha akaitwa mbele na mteja mwingine. Karakana ya jirani ilikuwa inakata vyuma, kelele imejaa hewani. Wakabaki ndugu wawili, na zege, na pikipiki ya rangi ya kuumiza meno.

Sasa, haki ya mtu ni haki yake, na ya pikipiki vilevile. Kiroboto alipanda akiwa amekwishaichukia, na kabla hajamaliza mzunguko wa pili ilikuwa imemtia aibu. Ilitii. Aliiinamisha kidogo, ikageuka mahali padogo kama mkeka. Aliiondoa tairi ya mbele chini bila kuvuta mafuta ya maana, akairusharusha kama kiroboto, kushoto, kulia, kushoto, na bega lililokuwa limeanza kuogopa kazi halikulalamika hata mara moja. Aliipitisha katikati ya magogo mawili ambako pikipiki ya zamani ingelazimika kurudi nyuma. Kwa muda mfupi alisahau alichokuja kufanya, akawa anacheza tu.

Kisha akamwona kaka amekwenda kusimama chini ya karavati kubwa, bila kuambiwa, kama alivyozoea. Miguu imepanuliwa. Uso juu. Mikono tayari.

Akakumbuka.

Karavati lilikuwa la kufika kiunoni, si urefu wa kuua mtu. Kiroboto alilipanda polepole, tairi ya mbele, kisha ya nyuma, akasimama juu yake akiwa ametulia, kaka yake chini. Alijua vizuri anachokwenda kufanya na hakujipenda kwa kukifanya. Aliiacha pikipiki ianze kulala upande wa kulia, upande uleule, taratibu, taratibu kiasi ambacho hata mtoto angeidaka. Akaruka kushoto, akatua kwa miguu miwili, na macho yake hayakuondoka mikononi mwa kaka yake.

Hakukwepa. Hilo aliliona wazi kabisa. Kaka hakurudi nyuma hata kidole, bali alijitupa mbele kwa mwili wote, kifua wazi, kama mtu anayekwenda kumpokea mtoto. Mikono yake ikakutana hewani, ikafumbata upepo. Pikipiki ilishuka karibu na nyonga yake ya kulia, ikagonga zege kwa kishindo, ikazima.

Kaka alibaki ameinama, mikono bado imefumba.

"Iko wapi?" akauliza.

Ilikuwa miguuni pake. Njano yote ile, miguuni pake, upande wa kulia.

Kiroboto aliiacha pikipiki pale. Alimwendea kwa upande huo wa kulia, kimya, akainua mkono karibu na shavu lake. Kaka hakupepesa. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku akitafuta, na alipomwona dada yake hatimaye, mkono umeinuliwa namna ile, alielewa kwamba amekamatwa. Akakaa kwenye gogo. Alikaa kama gunia linavyokaa.

"Lini?" Kiroboto aliuliza.

Kaka alisema ilianza kabla ya ile siku. Kidogo kidogo. Alidhani ni moshi wa kuchomelea, akadhani ni uchovu. Hospitali walimwambia ni presha ya macho. La kulia limeshazima na halirudi, la kushoto lina dawa ya matone, likitunzwa litabaki. Lakini kwa jicho moja mbali na karibu vinachanganyika. Ananyoosha mkono kushika kikombe, kikombe hakipo pale. Vitu vyeusi ndivyo vibaya zaidi, vinazama kwenye kivuli cha mwamba. Alikuja dukani peke yake wiki iliyopita, akazunguka humo ndani, akatafuta ni ipi anayoiona hata akisimama mbali. Alimdanganya muuzaji kwamba dada yake anapenda njano na kwamba anataka kumshtukiza. Akachagua na nyepesi, inayoongozeka kirahisi, kwa hesabu kwamba dada akianguka mara chache, naye atahitajika mara chache.

Kiroboto alisikiliza yote hayo, na mambo mawili yakampanda kwa wakati mmoja. Moja lilikuwa aibu. Miezi mitatu amelala na kuamka akimwita kaka yake msaliti moyoni, na mtu mwenyewe alikuwa anapapasa chungwa kwenye shuka. La pili lilikuwa hasira, na hasira ndiyo iliyofika mdomoni kwanza.

"Kwa hiyo ulikuwa umepanga kusimama tena chini yangu," alisema. "Hivyo hivyo. Bila kuniambia."

"Ndiyo."

"Ukijua."

"Ya njano naiona, mdogo wangu."

"Hukuiona sasa hivi."

Hakukuwa na pa kukwepea, na kaka hakutafuta. Upande wa pili wa ukuta mashine ya kukata vyuma iliacha kulia kidogo, kisha ikaendelea.

"Nisiposimama pale," kaka alisema, "nitakuwa nasimama wapi?"

Kiroboto alianza kulia, na alikuwa mtu asiyependa kulia, kwa hiyo alilia kwa hasira akijifuta na mkono wa shati. Alikaa naye kwenye gogo, upande wa kushoto ili amwone. Alitaka kumwambia kwamba hakuna neno, kwamba watajaribu, kwamba watatafuta njia. Yalikuwa maneno matamu na yote yalikuwa uongo, na kwenye mwamba uongo huvunja mifupa. Basi alimwambia ukweli, na ulimuuma kuliko mtulinga.

"Hutasimama tena chini yangu, kaka."

"Najua."

"Nitamchukua Bucha."

Kaka alitazama mikono yake. Akasema Bucha ana nguvu lakini ana papara, aambiwe asitazame tairi, atazame mabega ya mwendeshaji, maana mabega ndiyo yanayoanza kuanguka. Aambiwe asimame karibu. Akisimama mbali atafika amechelewa. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kazi, na ndipo ikamkatika katikati, akanyamaza akisubiri irudi.

"Basi chukua nyeusi," alisema iliporudi. "Ya njano ilikuwa yangu mimi. Wewe uliipenda nyeusi toka mlangoni."

Kiroboto aliitazama ya njano pale ilipolala. Usukani ulikuwa umechubuka upande mmoja.

"Nachukua hii."

Kaka akageuza kichwa, akamleta dada yake kwenye jicho zima. Sasa yeye ndiye aliyekuwa anatazama kwa mashaka. "Unanionea huruma."

"Inageuka mahali padogo. Hainiumizi bega. Umechagua vizuri, ila umechagua kwa sababu mbaya."

Ilikuwa kweli tupu, na aliona kwamba kaka hakuiamini. Angeendelea kutoiamini kwa muda mrefu, akimchunguza kila atakapopanda, akitafuta huruma kwenye kila kona, na Kiroboto asingekuwa na haki ya kulalamika.

Alisema kwamba kesho atakwenda klabuni kuwaeleza wote, akianza na mwamuzi, kwamba hakuna aliyekwepa. Alikuwa ameshasimama akiyapanga maneno, na yalikuwa makali. Kaka akamshika mkono. Alimkosa mara ya kwanza, akampata mara ya pili.

"Usiwaambie."

"Wanakuita mwoga."

"Waniite. Mwoga anapewa geti achomelee. Mwenye jicho moja hapewi." Alimwachia mkono. "Wifi yako ndiye anayejua, na sasa wewe. Inatosha. Mlete Bucha karakanani nimfundishe, mwambie nimechoka. Ila siku ya mashindano sitakuja. Sitaki kukaa na watazamaji."

Kiroboto alitaka kubishana. Alimkumbuka mwamuzi na ile sauti yake ya siri, akajikumbuka mwenyewe alivyolala pale kimya akikubali, na akaelewa kwamba kimya kile sasa amekabidhiwa akitunze maisha yake yote, tena kwa kuombwa.

Mlango wa nyuma ulifunguka. Muuzaji alitoka akifuta mikono, akaiona pikipiki imelala ubavu chini ya karavati, kaka kwenye gogo, dada amesimama macho mekundu. Tabasamu likayumba kisha likarudi mahali pake. Alisema haidhuru, uwanja ni wa kujaribia, zinaanguka kila siku. Akainama kutazama mchubuko kwenye usukani, halafu akamtazama yule mwanamume wa kifua kipana, akamtazama tena dada mtu, na sauti yake ikawa ya utani.

"Lakini kaka si alikuwa hapa chini? Imemshindaje? Au aliogopa?"

Kaka hakuinua uso. Kiroboto aliona kidole gumba chake kikisugua kiganja cha mkono mwingine, polepole, kikisubiri.

"Aliogopa," alisema Kiroboto. "Kaka yangu ni mwoga wa pikipiki, wewe mwache tu."

Muuzaji akacheka. Kaka naye akacheka, akacheka kwa sauti kuliko muuzaji, na dada yake akainama kuinyanyua pikipiki ili wasimwone uso.